Babu hayumo kwenye sensa? Hebu tuifuate karatasi

Mimi nimeolewa huku Norfolk, mashariki mwa Uingereza, na wanangu wana ukoo wa pande mbili. Upande wangu habari tunazo, bibi alikuwa anatuhesabia majina ya wazee mmoja mmoja huku anachambua mchicha. Upande wa baba yao walikuwa vibarua wa mashamba kizazi baada ya kizazi, hawakuacha barua wala picha wala ardhi, kwahiyo kilichobaki chao ni majina kwenye vitabu vya kanisa na kwenye sensa. Ndio nikaingia humo, na mwaka wa kwanza kila siku ni kulalamika tu, mara fulani hayupo, mara umri hauendani, mara kijiji kimepungua watu sijui wameenda wapi, mpaka nikaja kuelewa kitu ambacho ningeambiwa mapema kingeniokolea miezi: watu wenyewe mara nyingi wapo, ila karatasi imepita mikono mingi kabla ya kukufikia wewe.

Ifuate safari yake. Kuanzia 1841 karani wa sensa alipita nyumba kwa nyumba siku chache kabla na kuacha fomu. Usiku wa sensa, ambao ulikuwa Jumapili, mkuu wa kaya anaandika wote waliolala humo ndani. Jumatatu karani anarudi kukusanya, na asiyejua kuandika anajaziwa hapohapo mlangoni. Karani akifika kwake ananakili fomu zote kwenye kitabu kimoja, kitabu kinapelekwa London, makarani wa ofisini wanahesabu na kupiga mistari ya penseli juu yake. Zile fomu za nyumbani za 1841 mpaka 1901 ziliteketezwa, kwahiyo unachokiona leo ni nakala ya karani, tena nakala hiyo imepigwa picha kwenye filamu, filamu imewekwa mtandaoni, na mtu wa zama zetu ambaye pengine hajawahi kukanyaga Norfolk akausoma ule mwandiko na kutengeneza indeksi, yaani orodha ya majina ya kutafutia, na humo kwenye indeksi ndimo we unamotafuta jina. Aliyejibu, aliyejaza, aliyenakili, aliyehesabu, aliyepiga picha, aliyeandika indeksi. Ukikwama usiseme "hayumo", jiulize kosa limeingilia mkono gani.

Na neno parishi lisikuchanganye. Kule haikuwa kanisa tu, ilikuwa pia ni serikali ya kijiji, ndio iliyotoza kodi ya kuwasaidia maskini na kuangalia barabara. Tutalirudia mbele maana linaleta shida yake.

JINA HALITOKEI KABISA

Hii ndio inayokatisha watu tamaa kuliko zote, na we anza kuulaumu mkono wa mwisho, yaani indeksi. Babu wa babu wa mume wangu nilimtafuta miezi minne kwenye sensa ya 1861. Jina la ukoo linaanza na L, na karani wa kijiji kile alikuwa na L moja ya madoido, juu kitanzi, chini mkia umejikunja, aliyeandika indeksi akaisoma S na simlaumu maana hata mimi nilipoiona mara ya kwanza nilisoma S. Nilimpataje? Nilifuta jina la ukoo kabisa nikaacha jina la kwanza, umri kwa kuachia miaka mitano juu na chini, na kijiji alichozaliwa. Yakaja majina kumi na moja. Wa saba ndio yeye, na mkewe, na watoto wanne kwa mpangilio uleule niliokuwa nao kwenye vitabu vya ubatizo. Nilipiga ukelele mama mkwe akatoka jikoni mbio akidhani nimeungua.

Herufi za kushuku ni L na S, T na F, J na I, W na M. Halafu kuna ile "ss" ya zamani ambayo s ya kwanza inaandikwa ndefu kama f, Ross anageuka Rofs kwenye indeksi, ukiona jina lina fs katikati ushajua. Na 1841 ni shida ya peke yake, vitabu vya mwaka huo viliandikwa kwa penseli, filamu imefifia mahali pengine unaona vumbi tu. Ongeza giza la picha kwenye simu au kompyuta kabla ya kukata tamaa, inasaidia kweli.

Indeksi ikiwa haina kosa nenda mkono wa kwanza, mdomo wa aliyejibu na sikio la karani. Kibarua asiyejua kusoma hana tahajia ya jina lake, linaandikwa linavyosikika siku hiyo. H ya mwanzo ndio hasara kubwa, Harvey anakuwa Arvey na mwingine asiye na H anapewa. Tumia ile alama ya nyota badala ya herufi usizo na uhakika nazo, saiti karibu zote zinaikubali.

Sasa kama bado, inawezekana kabisa yupo ila hayuko unapodhani. Watoto wa mke waliokuja naye kwenye ndoa ya pili mara nyingi waliandikwa kwa jina la baba wa kambo. Mtoto wa miaka 12 au 13 anaweza kuwa tayari analala kwenye shamba la mtu kama mfanyakazi wa ndani, kwahiyo kwao hayupo, yupo nyumba ya tajiri mwishoni mwa orodha ya kaya. Na ukiona mwanamke ameandikwa wa kwanza kwenye kaya na kwenye uhusiano pameandikwa "wife", basi mume yu hai ila usiku ule alilala kwingine, baharini, kambini, hospitali, au yuko na kondoo maana mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili kondoo ndio wanazaa. Usimfanye mjane, nshaona mtu amejaza mti mzima wa ukoo kwa kosa hilo.

Ikishindikana kabisa fanya kazi ya miguu, soma kijiji chote peji kwa peji. Parishi ya shamba mara nyingi ina peji chache tu, jioni moja na kikombe cha chai unamaliza. Hapa ndio zile namba za kumbukumbu za hifadhi ya nyaraka ya taifa zinapokufaa: 1841 na 1851 ni HO 107, 1861 ni RG 9, 1871 ni RG 10, 1881 ni RG 11, 1891 ni RG 12, 1901 ni RG 13, 1911 ni RG 14 na 1921 ni RG 15. Baada ya hapo, kwa sensa za mpaka 1901, kuna namba ya fungu na namba ya karatasi iliyogongwa muhuri kona ya juu kulia, na muhuri huo umegongwa upande wa mbele tu, kwahiyo namba moja inabeba peji mbili, watu wengi wanapitwa na peji ya nyuma kwa kutokujua hilo. Na ukikuta kitabu cha kijiji chako hakipo kabisa, ujue vipo vilivyopotea, hasa vya 1861, hapo huna la kufanya ila kuruka kwenda 1871.

UMRI HAUENDANI

Mtu ana 30 mwaka 1841, halafu 1851 ana 44. Unaanza kufikiri ni watu wawili. Ni mmoja. Mwaka 1841 makarani waliambiwa walio chini ya miaka 15 waandikwe umri kamili, wakubwa wote washushwe mpaka tano ya karibu, wa 34 anakuwa 30, wa 59 anakuwa 55. Baadhi ya makarani hawakufuata wakaandika kamili, kwahiyo tazama peji nzima kwanza, ukiona umri wote wa wakubwa unaishia na 0 au 5 basi huyo alikuwa mtiifu.

Sensa za baadaye kosa ni la penseli. Makarani wa London walikuwa wanapiga mistari juu ya umri wakati wa kuhesabu, mstari ukipita juu ya 1 inaonekana 4 au 7, na 3 inaonekana 8. Angalia kama mstari ni mnene na mweusi kuliko wino, huo si wa karani wa kijijini. Angalia pia safu, maana umri wa wanaume na wa wanawake vina safu mbili tofauti, na msichana aliyewekwa kwa bahati mbaya safu ya wanaume anaingia kwenye indeksi kama mvulana.

Mbali na hapo kuna watu tu hawakujua umri wao. Hilo kwetu si geni, wangapi tumezaliwa "mwaka wa mafuriko". Miaka miwili mitatu ya tofauti isikunyime usingizi, chukua ile sensa ambayo mtu alikuwa mdogo kuliko zote, akiwa nyumbani kwa mama yake, hiyo ndio ya kuaminiwa zaidi.

AMEZALIWA SEHEMU TATU

Kwanza 1841 hawakuuliza kijiji. Waliuliza tu kama umezaliwa kaunti hiyohiyo, ndio au hapana, na wa kutoka mbali wakapewa herufi, S kwa Scotland, I kwa Ireland, F kwa nchi za nje. Kwahiyo ukiona F usifikiri ni "father", nimeshaulizwa hilo.

Kuanzia 1851 wanaandika kijiji na kaunti, na hapo mtu mmoja anakuja na vijiji vitatu kwenye sensa tatu. Mara nyingine ni kitongoji na parishi yake, vyote sahihi. Mara nyingine anataja alikokulia maana ndiko anakokumbuka. Na kuna sababu moja ya uchungu, sheria za maskini za wakati ule ziliruhusu mtu akiomba msaada arudishwe parishi inayomhusu kisheria, kwahiyo mtu aliyehamia na anaogopa uzee wake ana kila sababu ya kujibu "nimezaliwa hapahapa". Mimi nikiona mzee wa miaka 70 kibarua ameanza ghafla kuzaliwa kijiji anachoishi, namwelewa, na natumia jibu alilolitoa akiwa kijana.

NAMBA YA NYUMBA HAIPO KWENYE RAMANI

Kosa hili linafanywa na watu makini kabisa. Umeona "14" pembeni ya jina la babu, ukaenda kijijini mpaka nyumba namba 14, ukapiga picha, ukawatumia ndugu. Ile 14 ni namba ya fomu, yaani kaya ya kumi na nne ambayo karani aliiandika. Vijijini nyumba nyingi hazikuwa na namba, safu ya anuani unakuta jina la kijiji tu, au "The Street", au pametupu.

Namna ya kuijua nyumba ni kutembea na karani. Mwanzoni mwa kila kitabu kuna maelezo ya eneo lake, ameanzia wapi, amepita njia gani, amepinda wapi. Yasome. Halafu tafuta kwenye orodha nyumba ambazo hazihami, baa, nyumba ya mchungaji wa kanisa, kinu cha kusagia, mhunzi, zifanye nguzo, na kibarua wako aliyeandikwa kati ya mhunzi na baa basi pengine aliishi kati ya mhunzi na baa. Sema pengine, maana karani akikuta mtu hayupo alirudi baadaye akamwandika mwishoni. Kwa miaka ya 1840 kuna msaada mtamu sana, ramani za zaka, yaani ile sehemu ya mazao iliyotolewa kwa kanisa, zilizotengenezwa baada ya sheria ya 1836, zina namba ya kila kiwanja na daftari linalotaja mwenye mali na anayekaa. Nimewahi kuweka daftari hilo na sensa ya 1841 pembeni kwa pembeni, usiku mzima, na kijiji kikasimama mbele yangu, huyu jirani wa huyu, bustani ya huyu inapakana na makaburi.

NYUMBA CHACHE, FAMILIA NYINGI

Jedwali linasema nyumba 60 familia 75, we unajiuliza hizi 15 zilikaa juu ya miti au. Angalia sensa ya mwaka gani. Ile ya kwanza kabisa, tarehe 10 Machi 1801, iliyosimamiwa na John Rickman, iliuliza nyumba ngapi zinakaliwa, zinakaliwa na familia ngapi, na ngapi ni tupu. Kwahiyo familia mbili chini ya paa moja ni jambo la kawaida na ndio hasa walichotaka kujua.

Shida ni kwamba "nyumba" ilibadilika maana. Makarani wa zamani kila mmoja aliamua kwa akili yake, mwingine kibanda kilichogawanywa vyumba viwili vya familia mbili ni nyumba moja, mwingine ni mbili. Mwaka 1851 wakaambiwa nyumba ni nafasi yote iliyo ndani ya kuta za nje na kuta za kugawana na jirani. Kwahiyo ukiona nyumba zimepanda kutoka 1841 kwenda 1851 na watu hawajapanda, usikimbilie kusema kijiji kilijenga, inawezekana kilichoongezeka ni maana ya neno.

Kwenye kitabu chenyewe tazama alama. Mwaka 1841 mistari miwili ya kuinama ni mwisho wa jengo, mmoja ni mwisho wa kaya ndani ya jengo hilo. Indeksi za mtandaoni haziziweki alama hizi, kwahiyo usitegemee maandishi yaliyochapwa, fungua picha. Herufi U kwenye safu ya nyumba ni nyumba isiyo na mtu na B ni inayojengwa. Na U haimaanishi gofu, inatosha tu usiku ule hakulala mtu.

Vyumba je? 1891 na 1901 waliandika idadi ya vyumba kama ni chini ya vitano tu, kwahiyo patupu maana yake kwa kawaida ni vitano au zaidi. Mtu akihesabu patupu kama sifuri anapata kijiji cha matajiri kisicho na vyumba! 1911 ndio kila kaya ikatakiwa kuandika, jiko linahesabiwa, ila chumba cha kuoshea vyombo, korido na bafu havihesabiwi. Familia ya mama mkwe walikuwa watu wanane vyumba vinne. Jiko ni kimoja kati ya hivyo vinne. Kaa ulifikirie hilo.

KIJIJI KIMEPANDA GHAFLA, AU KIMEPOROMOKA

Kabla ya kuandika nadharia yoyote, soma maelezo madogo chini ya jedwali la ripoti iliyochapwa. Maafisa wenyewe walikuwa wanajieleza humo, mabadiliko yametokana na hiki au kile, na watu wanayaruka kwa sababu herufi ni ndogo.

Sababu ya kwanza ni mpaka. Parishi ya kanisa na parishi ya serikali zilianza kuwa kitu kimoja zikaachana, kuanzia 1866 parishi ya serikali ni ile inayotoza kodi yake ya maskini. Kulikuwa na vipande vya parishi vilivyokaa mbali kabisa katikati ya parishi nyingine, kisiwa cha shamba, na sheria za 1876 na 1882 zikaanza kuvirekebisha. Kwahiyo watu 40 waliohama kwenye tarakimu huenda hawakutoka hata kitandani. Na kaskazini mwa nchi parishi moja inaweza kuwa kubwa mno yenye vitongoji vingi ndani yake, ukichukua tarakimu ya kitongoji mwaka mmoja na ya parishi mwaka mwingine umeshaharibu. Saiti ya A Vision of Britain through Time ina tarakimu na mipaka, anzia pale.

Sababu ya pili ni jengo kubwa. Baada ya sheria ya maskini ya 1834 parishi ziliunganishwa na kila muungano ukawa na nyumba yake ya maskini, na waliolazwa humo wanahesabiwa kwenye parishi ambayo jengo limesimama. Gressenhall hapa Norfolk ni mfano, jengo lipo mpaka leo na ni makumbusho, na sensa ya kijiji kile imebeba maskini wa vijiji vingine vingi. Ukitafuta babu aliyepotea uzeeni nenda ukamwangalie kwenye nyumba ya maskini ya muungano wao, na uwe tayari kwamba taasisi nyingine ziliandika herufi za mwanzo za majina tu.

Sababu ya tatu ni reli. Sensa ya 1871 ilikuta wajenzi wa reli ya Settle kwenda Carlisle kule Yorkshire, wako nyikani pale Batty Moss linapojengwa daraja kubwa la Ribblehead, wanaume, wanawake na watoto kwenye vibanda vya mbao, makambi yenye majina kama Jericho na Sebastopol. Daraja lilimalizika 1874 wakaondoka. Mtu anayetazama tarakimu za 1861, 1871 na 1881 bila kujua hilo ataona kilima na kutafuta sababu kwenye kilimo.

Sababu ya nne ni tarehe. 1841 ilikuwa 6 Juni, wakati wa kukata majani na vibarua wako njiani. 1851 ni 30 Machi, na kuanzia hapo wakabaki na mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili mpaka 1911. 1921 ilipangwa Aprili ikasogezwa mpaka 19 Juni kwa sababu ya migomo, na vijiji vya pwani vikahesabiwa pamoja na watu wa likizo.

Ila si kila kushuka ni kosa. Imber, kwenye nyanda za Salisbury kule Wiltshire, ilikuwa na watu 440 mwaka 1851 na 152 mwaka 1931. Hapo hamna mpaka wala reli, watu kweli waliondoka, kilimo kiliyumba kuanzia miaka ya 1870, jeshi likawa linanunua ardhi ya pale kidogo kidogo, na Desemba 1943 waliobaki wakaondolewa kupisha mazoezi ya kijeshi na hawakurudishwa. Vijiji vingi vya Uingereza vilifikia kilele karibu na 1851, mwaka ambao sensa kwa mara ya kwanza ilikuta watu wa mijini wamewazidi wa mashambani.

HAMNA MAJINA, AU HAMNA SENSA

1801, 1811, 1821, 1831: ni hesabu tu, kwa kawaida hakuna majina, si kwamba we umekosea kutafuta. Vijiji vichache mtu wa pale aliacha orodha yake na zikapona, na kabla ya sensa zote kuna Clayworth kule Nottinghamshire, ambapo mchungaji William Sampson aliandika watu wake wote kaya kwa kaya mwaka 1676 na tena 1688. Ulizia ofisi ya kumbukumbu ya kaunti, swali halina gharama.

1931 majina yaliungua kwenye moto wa Desemba 1942 ghalani Hayes, ndio maana ile tarakimu ya Imber tunayo ila watu wenyewe hatuna. 1941 haikufanyika kwa ajili ya vita. Katikati hapo tumia daftari la wakazi lililoandikwa tarehe 29 Septemba 1939. Sensa ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022 baada ya miaka mia, inayofuata kufunguliwa ni ya 1951, itakuwa 2052.

WANAWAKE WOTE HAWANA KAZI

Safu ya kazi, mume "Ag Lab", yaani kibarua wa shamba, chini yake "do", chini tena "do", maana yake kama hapo juu, halafu wanawake patupu. Patupu hiyo ni ya karatasi. Mwaka 1841 makarani waliruhusiwa kuacha kazi za wake na watoto wanaomsaidia mkuu wa kaya. 1851 wakaambiwa kazi za wanawake zinazofanywa mara kwa mara ziandikwe, wengine wakaandika wengine wakaacha, na sensa ya Machi haioni mavuno ya Agosti hata kidogo. Hapa Norfolk, Castle Acre ilijulikana kwa magenge ya wanawake na watoto waliokwenda kung'oa magugu na kuokota mawe kwenye mashamba ya watu, mpaka ikabidi sheria ya 1867 iwawekee mipaka. Watafute kwenye safu ya kazi uone utawapata wangapi. Bedfordshire wanasuka majani ya kofia na Buckinghamshire wanafuma lesi, huko makarani waliandika vizuri zaidi maana ilikuwa kazi inayojulikana.

Usiweke "mama wa nyumbani" pale palipo patupu. Acha patupu.

1911 KUNA MAJINA YAMEKATWA

Mwaka huu ni tofauti, fomu zenyewe za nyumbani zimebaki, kwahiyo mkono wa karani wa kijiji umeondoka na unaona mwandiko wa baba mwenyewe. Waliuliza ndoa ina miaka mingapi, watoto waliozaliwa hai wangapi, walio hai wangapi, waliokufa wangapi. Walitaka tarakimu tu, na kwa wanawake walio kwenye ndoa tu. Lakini wajane walijaza. Na wazazi wengine waliandika majina ya watoto waliokufa pamoja na walio hai, kama vile wamelala humo ndani usiku ule. Ofisini mtu akayapitishia mstari mwekundu. Watu wengi wanaona mstari wanadhani ni kosa wanaruka, na indeksi nyingine zinaruka pia. Kuza picha, soma chini ya mstari, mara nyingi jina linasomeka.

Nilimwonyesha mama mkwe fomu ya babu yake. Waliozaliwa 9, walio hai 6, waliokufa 3, na chini ya majina ya walio hai, kwa herufi kubwa kubwa za mtu asiyezoea kalamu, majina matatu yaliyokatwa. Alikuwa hajawahi kuambiwa hata moja. Akakaa kimya, halafu akaniambia hebu wasome tena, polepole, nikawasoma.

Kwa watoto kama hao nenda kwenye kitabu cha mazishi cha parishi, kuanzia 1813 vina safu ya umri na mahali mtu alipokuwa anaishi. Wawili tumeshawapata. Wa tatu bado, familia ilikuwa imehamia parishi ya jirani karibu na wakati huo, na kitabu cha huko ndio naanza nacho Jumamosi hii.